Salama ya Sekunde Nne

1

Mzee Polikarpo Kasonso aliletwa kituoni juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amelazwa kwenye magunia matupu, mguu wake wa kulia umeungua kuanzia kisigino mpaka chini ya goti. Nilitoka mbio na glavu mkononi. Huku kwetu Ufipa juu adabu haingoji, hata mtu awe anatoa moshi, kwa hiyo nilimwamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dokta Leo."

"Umeamkaje?"

"Salama."

Mkewe, Mama Sabina, akaongeza kwamba wote nyumbani wameamka salama, hata mbuzi. Tukamwingiza ndani. Nilikuwa nimeshaosha nusu ya kidonda, nikimwaga maji ya chumvi na kubandua vipande vya blanketi vilivyoganda kwenye ngozi, ndipo mkono wangu ukasimama wenyewe.

"Mzee, nimekuuliza umeamkaje."

"Nami nimekujibu, mwanangu. Salama. Ila mguu, kama unavyouona, umeungua."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, na mwezi wa sita huku baridi inauma masikio. Walikuwa wameingiza jiko la mkaa chumbani. Alfajiri Mama Sabina alitoka kwenda jikoni kuchochea uji. Aliporudi akakuta blanketi linafuka na mumewe amelala, uso umetulia kabisa. Alimmwagia ndoo ya maji miguuni. Mzee akaendelea kulala.

"Nilimpiga makofi, dokta," alisema, na hapo akaanza kulia. "Mungu anisamehe. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa sijawahi kumnyooshea mkono. Nilimpiga mpaka kiganja kikavimba. Aliamka jua limeshatoka, eti anauliza nini kinanuka."

"Na mto wako wa kulalia ulipokuuliza asubuhi, mzee, uliujibu nini?"

Akanitazama kama ananihurumia. "Mto si una sauti yako? Nikujibu nini tena zaidi ya salama?"

Nilimaliza kufunga bendeji, nikamwomba Mama Sabina aniletee ule mto.

2

Jina langu ni Leokadia Nkana, tabibu wa Kituo cha Afya Lwansonga. Watu wamelikata jina wakabaki na Leo, na wenye utani huniuliza kama kesho nitakuwepo. Nina miaka mitano nikitibu usingizi wa wenzangu, na mimi mwenyewe silali. Nikipata saa tatu nashukuru. Sijawahi kuulalia mto ule hata siku moja, na ukiniuliza kwa nini nitakwambia kuna wagonjwa wanaouhitaji zaidi, ingawa ukweli ni kwamba niliogopa kuisikia sauti yangu mwenyewe ikiniuliza hali.

Mto wenyewe ukiuona huwezi kuudhania. Umejazwa pamba kama mito mingine, ila katikati una utepe mwembamba unaosikiliza pumzi, moyo na taya. Pumzi ikikata, utepe unatetema kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, koo linafunguka, mtu anavuta hewa bila kuamka. Mtetemo huohuo unaupeleka ubongo kwenye usingizi mzito, ngazi kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Mikoa yetu mitatu ina daktari mmoja wa usingizi, naye tunamwona kwenye skrini mara moja kwa mwezi, mtandao ukipenda. Kwa hiyo Mradi wa Usingizi Vijijini uliamua mto ujiamulie wenyewe. Mgonjwa akiamka unamuuliza swali moja na kusikiliza jibu kwa sekunde nne. Akijibu vizuri wiki nzima, unapanda ngazi moja. Akijibu vibaya, unashuka palepale. Wataalamu walikadiria kwamba watu wengi wangeanza kulalamika kwenye ngazi ya sita au ya saba, na mto ungetulia hapo.

Lwansonga hakuna aliyelalamika. Wagonjwa mia tatu na arobaini, karibu miezi mitatu, na asilimia tisini na saba wamejibu salama. Makao makuu walitutumia pongezi na keki.

Sasa swali. Kule lilikotengenezwa liliandikwa hivi: kadiria ubora wa usingizi wako wa jana kwa alama moja hadi tano. Nilipopewa kazi ya kuliweka katika lugha ya watu, nilicheka mpaka nikakohoa. Nani Lwansonga ataamka alfajiri na kuanza kuusahihisha usingizi wake kama mwalimu wa hesabu? Nililitupa. Nikaandika: "Umeamkaje, ndugu yangu?" Nikalisoma mwenyewe kwenye kinasa sauti, kwa upole wote niliojaliwa. Kwenye semina walinipigia makofi, wakanipa chupa ya chai. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mto hutunza dakika moja ya sauti za asubuhi, kisha huifuta jioni. Makao makuu hupelekewa sekunde nne tu, maana njia ya setilaiti ni nyembamba. Nilifunga mlango wa ofisi, nikachomeka mto wa Mzee Polikarpo kwenye tabuleti, nikasikiliza.

Sauti yangu: "Umeamkaje, ndugu yangu?"

Sauti yake, nzito, imejaa usingizi: "Salama."

Halafu mlio mfupi, ule wa mto unapopanda ngazi. Kutoka ya kumi kwenda ya kumi na moja.

Halafu mzee tena: "Ila mguu wangu... Sabina! Sabina, mguu wangu una nini?"

Nilisikiliza mara tatu. Kisha nikachukua pikipiki ya kituo, nikazunguka nyumba hadi nyumba mpaka jua likawa pembeni, nikiomba kusikiliza mito ya watu kabla haijafuta. Nilisikiliza ishirini na mitatu.

"Salama, ila nimejikojolea, mtu mzima mimi."

"Salama. Sema tu sijaota ndoto tangu Pasaka."

"Salama, ila jana nimesahau jina la mkwe wangu mbele ya wageni."

Wa mwisho alikuwa mama mwenye mtoto wa miezi minane. "Salama kabisa," alisema. "Isipokuwa mtoto amelia mpaka majirani wamevunja komeo, na mimi nimelala naye kifuani, sikusikia kitu."

Watu walikuwa wameniambia kila kitu. Waliniambia kila asubuhi, kwa utaratibu wetu uleule, kwanza heri ndipo habari. Mimi ndiye niliyewakatiza kauli.

3

Profesa Mbelwa Chisunga ndiye mkuu wa Mradi. Alinifundisha chuoni na mpaka leo namwita Mwalimu. Mtandao uligoma mpaka Jumanne alasiri, ndipo nikampata. Alinisikiliza bila kunikatiza, na uso wake kwenye skrini ukazeeka nikiuona.

"Wangapi wako ngazi ya kumi na moja?" aliuliza.

"Mia moja na kumi na wanane. Jumamosi wanaingia ya kumi na mbili. Mwalimu, ya kumi na mbili mtu anakuwaje?"

"Hatujamweka mtu pale zaidi ya saa mbili. Hatukutarajia yeyote afike."

"Basi washushe. Leo."

"Amri ya kushusha ikitoka huku inaandikwa kwenye daftari la mfumo, na kamati ya leseni inalisoma daftari hilo. Wanakaa Jumatatu. Wakiona tumeshusha watu mia kwa mkupuo, leseni hakuna." Alivua miwani. "Leokadia, tukipata leseni Jumatatu, Jumanne nabadilisha swali, nawashusha wote taratibu. Nakuomba siku sita."

"Na nikitoa taarifa ya hatari mimi, kutoka kituoni?"

"Unajua kitakachotokea."

Nilijua. Taarifa ya hatari haichagui. Mito yote ya mikoa mitatu ingeshuka ngazi moja kila siku mpaka sifuri, halafu ingejifunga. Kamati ingeanza upya, mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Na hatungeweza tu kuwanyang'anya mito wale wa kumi na moja, kwani ubongo uliozoea ngazi hiyo ukiachwa ghafla unagoma kulala, mtu anakesha siku nne au tano kisha anaanguka degedege.

"Unao wagonjwa wa pumzi wangapi?" aliuliza Mwalimu.

"Arobaini na mmoja."

Hao mto hauwapandishi zaidi ya ngazi ya sita. Kazi yake kwao ni kufungua koo. Salama yao ilikuwa salama ya kweli, kwa sababu bila mto koo lao hufunga mara hamsini au sitini kwa saa, na kuna siku halifunguki. Mashine za barakoa za kupuliza hewa zinataka umeme usiokatika. Nyanda zote hizi za juu zilikuwa na mbili, na zote zilikuwa na watu wake.

"Na mmoja wa hao arobaini na mmoja ni mdogo wako," alisema Mwalimu. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, na mimi nikakata simu kabla sijamtukana mwalimu wangu.

4

Nilidhani nimepata njia ya tatu. Sikupata lepe la usingizi usiku kucha nikiipanga. Mto ulikuwa unashuka mtu akijibu vibaya, sivyo? Basi niwafundishe watu kujibu vibaya. Hakuna taarifa, hakuna daftari, hakuna wa kunyang'anywa kitu.

Jumatano saa nne asubuhi ukumbi wa parokia ulijaa. Niliwaeleza yote, pamoja na kosa langu, na hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Kisha nikapanda kwenye kiti.

"Nitawauliza kama mto unavyouliza. Mtajibu: vibaya. Tayari? Umeamkaje, ndugu yangu?"

"Salamaaa!" waliitika, ukumbi mzima, kisha wakaangua kicheko.

"Tena. Umeamkaje, ndugu yangu?"

Safari hii kukawa na mnong'ono. Wachache walisema vibaya kwa kujiziba midomo, kama watoto waliotamka neno la matusi mbele ya padri.

Bi Oresta, bibi mmoja mfinyanzi, aliinua mkono. "Dokta Leo, mwanangu. Nikiianza siku na neno hilo mdomoni, siku yenyewe si itanisikia?"

"Mimi ukuta wangu ni wa mabua," alisema mwingine nyuma. "Jirani akisikia nimesema vibaya alfajiri, atakuja na kuni za msiba. Nitamwambiaje arudi nazo?"

"Na huo mto ni wewe," alisema Mama Sabina kwa upole. "Wewe uniulize hali, mimi sijanawa hata uso, nikurushie vibaya? Nimelelewa na mama yangu, sikulelewa porini."

"Si unigeuzie swali tu," alidakia kijana mmoja mfugaji. "Niulize kama kichwa kinauma. Nitakwambia kinauma."

Nilimtazama yule kijana nikatamani kumpa ile chupa ya chai. Swali lilikuwa limefungwa mpaka leseni itoke, na ufunguo ulikuwa makao makuu, Dodoma. Tulirudia zoezi kwa saa nzima. Tulipoagana waliniahidi wote kwamba kesho watajitahidi.

Alhamisi alfajiri nilikaa mbele ya tabuleti nikiona majibu yanaingia, moja baada ya jingine. Salama, salama, salama. Mmoja alisema, "Samahani dokta, vibaya kidogo," na mto haukumwelewa, ukahesabu samahani kuwa salama. Hadi saa mbili kulikuwa na vibaya kumi na saba kati ya mia tatu na arobaini. Mama mwenye mtoto wa miezi minane alijibu salama. Nilimsikia akimeza mate, akijaribu, kisha adabu ikamshinda.

5

Mdogo wangu Deodatus nilimkuta kwenye mashine yake ya kusaga, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Anaiendesha kwa umeme wa jua, kwa hiyo adhuhuri ndiyo saa yake ya kiburi. Kabla ya mto Deo alikuwa anasinzia akiwa amesimama. Siku moja alisinzia mbele ya mkanda, mkanda ukamla vidole viwili. Siku nyingine mkewe, Gaudensia, alimkuta amekuwa wa bluu kitandani. Tangu apate mto ameongezeka mwili, amerudi kwaya, na anatusumbua sote kwa sauti ya besi.

"Unatafuta unga au unanitafuta mimi?" aliuliza.

"Zima mashine."

Akaizima. Nilimweleza kila kitu, nikisimama, kwa sababu nikikaa ningeshindwa. Alisikiliza huku akifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, vile vinane.

"Wangu uko ngapi?"

"Sita."

"Sita ina ubaya?"

"Haina."

"Basi mimi sina ugomvi na salama yangu. Nikisema salama, ni salama."

"Mito yote ni mmoja, Deo. Ukizimwa mmoja imezimwa yote."

Nje wanawake wawili waliokuwa na ndoo za mahindi walichungulia, wakaona nyuso zetu, wakarudi nyuma.

"Jumatatu si wamesema? Siku nne, dada. Siku nne tu."

"Jumamosi watu mia moja na kumi na wanane wanaingia ngazi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuilala. Mzee Polikarpo ameungua akiwa ngazi ya kumi."

"Kwa hiyo ya kumi na mbili huijui."

"Siijui."

"Pengine haina kitu."

"Pengine."

"Lakini hii unaijua." Aliinua mkono wake wenye vidole vitatu, akausogeza karibu na uso wangu. "Hii unaijua vizuri. Wewe ndiye uliyeifunga bendeji. Unajua mimi bila mto ni nini. Unaacha ya kutojua unachagua ya kujua?"

Niliona tu yule mtoto kifuani kwa mama yake asiyesikia, na watu wengine walionijibu kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa inawazamisha. Wale walikuwa wameingizwa hatarini na mdomo wangu. Deo aliingizwa na ugonjwa wake. Nilimwambia hivyo, na nilipokuwa nasema nilijua ni neno baya kumwambia mtu wa tumbo moja nawe.

"Sawa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kabonyeze. Ila ukishabonyeza usije kwangu kunipima pumzi. Sitaki."

Akawasha mashine. Ukelele wake ukajaza kibanda, na mimi nikatoka huku unga umeniganda usoni kwa machozi.

Taarifa ya hatari hutumwa kwa kubonyeza mara mbili na kuandika sababu. Nafasi ya sababu ni maneno ishirini. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho niliacha hivi: "Swali langu lilikuwa salamu. Watu wamekuwa wakirudisha salamu. Hatujui hata mmoja amelalaje." Nikabonyeza.

Mwalimu alipiga baada ya dakika tano. Nilijiandaa kwa matusi, hayakuja.

"Ningekuwa na umri wako ningefanya hivyohivyo," alisema. "Na sijui kama ningekuwa nimekosea au la. Kaa karibu na watu wako."

6

Mito ikashuka. Wale wa kumi na moja walirudi polepole, siku hadi siku, kama watu wanaotoka homa. Ijumaa Bi Oresta aliota ndoto, akatembea kijiji kizima akiisimulia, ndoto yenyewe ikiwa ya kuku tu. Jumamosi ikapita na hakuna aliyeingia ngazi ya kumi na mbili, kwa hiyo hakuna atakayejua kama nilimwokoa mtu au nilikimbia kivuli. Hilo linanikosesha usingizi kuliko mengine yote.

Wagonjwa wa pumzi niliwapangia walinzi. Nilikwenda nyumba arobaini nikiwafundisha jamaa zao kazi moja: sikiliza mkoromo. Ukikata, hesabu hadi kumi. Usiporudi, mtikise begani mpaka avute hewa. Tuliamua walale mchana kadiri inavyowezekana, kwa zamu, watu wakiwa macho. Nyumba ya arobaini na moja ilikuwa ya Deo, na sikuingia. Nilimfundisha Gaudensia kisimani.

Jumatano mito ya ngazi ya sita ilifika sifuri, ikajifunga. Ijumaa akafa Anselmi Mwanakulya, katekista mstaafu, mjane aliyekuwa akilindwa na binti yake mmoja. Binti alitoka kupalilia asubuhi, akapika, akafua, akakaa kumlinda baba yake alasiri. Akasinzia naye.

"Nilisinzia kidogo tu, dokta," aliniambia mlangoni, hata kabla sijampa pole. "Kidogo tu. Hata uji haukupoa."

Nilimwambia si yeye, ni mimi. Alitikisa kichwa, hakunisikia, akarudia kwamba hata uji haukupoa. Nilitaka ardhi inimeze. Kwenye maziko Mama Sabina alinishika mkono, akaninong'oneza kwamba mzee wake ameamka mwenyewe leo na ameomba viazi. Alitaka kunifariji. Niliuvuta mkono wangu, kisha nikaona aibu nikaurudisha.

Deo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Macho yalikuwa mekundu, ngozi imeshaanza kuwa ya majivu kama zamani. Alipita mbele yangu karibu kabisa, akapita.

Nyumba tunayoishi mimi na Deo tuliachiwa na baba. Ni bati moja, milango miwili, na katikati ukuta wa tofali za udongo. Jumapili baada ya misa nilikaa upande wangu nikiandika maelezo ya kamati, kurasa na kurasa. Kupitia ukutani nilikuwa nasikia kila kitu, ila kwa mbali, kwani kitanda chao kiko upande wa pili kabisa, dirishani. Mkoromo wa Deo ukianza, kalamu yangu inasimama. Ukikata, nahesabu. Mara mbili nilifika tisa nikiwa nimeshasimama, ndipo nikasikia Gaudensia akimtikisa.

Saa tisa Gaudensia alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amejifunga khanga vibaya, macho yamevimba.

"Wifi, nimechoka. Tangu Jumatano sijafumba jicho. Sasa hivi nimejikuta sakafuni, sijui nimeangukaje."

"Mwambie aje alale hapa kwangu, wewe upumzike."

"Nimemwambia. Hataki."

"Basi wewe lala hapa, mimi niende kule."

"Amesema ukiingia anatoka." Akajifuta uso. "Tangu jana, tangu makaburini, anamtaja binti wa Anselmi tu. Anasema ataniua mimi kwa usingizi, kabla yeye hajafa. Sasa sijui nifanye nini, wifi. Kweli sijui."

Alirudi kwake. Nilisikia wakinong'ona, sauti yake ya chini, ya mkewe ya juu, kisha kimya kirefu. Nilidhani ametoka kwenda mashineni na nikapata hasira, kwamba atakwenda kusinzia mbele ya ule mkanda kwa ukaidi tu.

Halafu nikasikia kitu kizito kinaburuzwa kwenye sakafu. Kikasimama. Kikaburuzwa tena. Miguu ya kitanda ilikuwa inakwaruza saruji, inakuja, inasimama, inakuja, mpaka ubao wa kichwani ukagonga ukuta wangu na vumbi la udongo likaanguka juu ya karatasi za kamati. Chaga za kitanda zikalia. Nilimsikia akijigeuza, karibu kiasi cha kuugusa ukuta kwa kiwiko.

Gaudensia alikuja kwangu na mto wa kawaida wa pamba, akajitupa kitandani pangu, akalala kabla hajavua viatu.

Mkoromo ukaanza. Niliweka kalamu chini. Ulikwenda vizuri kwa muda, kisha ukakwama, ukakata. Moja. Mbili. Tatu. Nilisimama nikaegemeza sikio kwenye udongo. Saba. Nane. Nikagonga kwa ngumi. Kimya. Nikachukua mchi uliokuwa pembeni, nikaugonga ukuta kwa nguvu zangu zote, na picha ya baba ikaanguka kutoka kwenye msumari.

Upande wa pili Deo alivuta hewa, ndefu, yenye kelele, ya mtu anayetoka chini ya maji.

"Nimesikia, dada," alisema, akajigeuza.

Nikavuta kiti mpaka ukutani, mchi mapajani, nikaanza tena kuhesabu.